Risala ya Mama Lishe na Wachuuzi wa Mwalo wa Kabwe Kuhusu Biashara ya Vyakula Mbadala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,


 Tunakusomea risala hii katika Siku ya Afya na Lishe ya kijiji chetu, siku ambayo mizani imetundikwa na watoto wetu wanapimwa mbele ya macho yako.

Tunaosema nawe ni mama lishe wa mwaloni, waanikaji na wachuuzi wa dagaa na migebuka, pamoja na wauza mboga wanaoteremsha matenga kutoka huko juu Ufipani. Baadhi yetu ni Wafipa, wengine ni Waha, Wabembe na Wamanyema ambao Ziwa Tanganyika limetukutanisha. Mvuvi akirudi alfajiri akiwa ameloa, kitu cha moto anakipata kwetu. Dereva anayepakia dagaa wa kwenda Sumbawanga, Tunduma na Zambia hula kwetu kabla ya kuanza kupanda mlima. Ndiyo maana likija suala la chakula hatuoni sababu ya kukaa kimya tukaachia wengine walisemee.

Mheshimiwa, imeingia kwetu biashara inayokwenda kwa hatua mbili. Kwanza mtu anaambiwa kwamba chakula alichokulia kinamuua. Halafu anauziwa kingine cha kukaa mahali pake. Maneno hayo yanakuja kwa simu za vijana wetu, yanakuja kwa vipaza sauti siku za gulio, na yanakuja kwa semina ambazo kuingia ni bure lakini hakuna anayetoka bila kubanwa anunue kopo au pakiti. Ugali wa muhogo na wa mahindi tunaambiwa tuuache, tule koliflawa iliyosagwa. Migebuka tuiache, tule nyama ya soya. Maziwa ya ng'ombe tuyaache, tunywe ya soya. Chumvi ya dukani tuiache, tununue ya waridi iitwayo ya Himalaya. Mawese tuyatupe kabisa. Kwa siku kadhaa tusile kitu chochote ila majani mabichi yaliyosagwa, eti mwili ujisafishe.

Koliflawa haioti kando ya ziwa hili. Joto letu haliitaki. Hulimwa kwenye baridi ya milimani, na mpaka ifike kwetu kwa njia ya vumbi imekwisha kugeuka rangi, huku bei yake ingetosha kununua unga wa nyumba nzima. Mvuvi anayevuta nyavu usiku kucha hawezi kufanya kazi ile kwa sahani ya koliflawa. Kwa hiyo mama anayetii mafundisho hayo anaishia kupunguza ugali bila kuweka kitu mahali pake, na anayepungukiwa ni yeye na watoto, maana sahani ya baba ndiyo hujazwa kwanza.

Tunaomba tusieleweke vibaya. Hatukatai kwamba kisukari na shinikizo la damu vipo, tena vinaongezeka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta watu wazima 9 katika kila 100, wa umri wa miaka 25 hadi 64, wakiwa na kisukari, na kiasi cha robo ya watu wazima wote wa umri huo wakiwa na shinikizo la damu. Tunao wagonjwa hao hapa mwaloni. Mgonjwa aliyeambiwa na daktari apunguze wanga tunampikia kwa kadiri ile, na tunaifanya kazi hiyo kwa moyo. Malalamiko yetu ni juu ya watu ambao si waganga wala wauguzi, wanaomwambia mgonjwa aache ugali leo, kesho aache na dawa, kwa kuwa pakiti yao inatosha. Mwingine anaambiwa aache wanga wote huku akiendelea kujichoma sindano ya insulini kwa kipimo kilekile. Sukari ya mtu wa namna hiyo inaweza kushuka mpaka akaanguka na kupoteza fahamu, na akiangukia ndani ya mtumbwi usiku, Mheshimiwa, hatuna la kueleza zaidi.

Lipo la kisamvu, na hilo linatutia hofu kuliko yote. Wajawazito wanafundishwa kusaga kisamvu kibichi na kunywa maji yake ili kuongeza damu. Bibi zetu walikitwanga kisamvu, wakakichemsha muda mrefu bila kufunika chungu, na walikuwa na sababu. Majani ya muhogo yana kemikali inayotoa sumu ya sayanaidi, na ni kule kutwanga, kuchemsha na kuacha mvuke utoke kunakoiondoa. Nchi hii inajua muhogo usioandaliwa vizuri unaweza kufanya nini: mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa unaoitwa konzo, baada ya kula muhogo mchungu ambao haukusindikwa vya kutosha. Ule ulikuwa muhogo wenyewe, yaani mizizi, na watu walikuwa na njaa. Sasa mjamzito asiye na njaa anashauriwa anywe majani mabichi kwa hiari yake, wakati vidonge vya kuongeza damu anatakiwa kuvipata kliniki bila malipo. Akitaka mboga, basi apike kisamvu kilichotwangwa, akiunge kwa karanga, atafune na ndimu au embe ili madini ya chuma yaingie mwilini vizuri zaidi. Hayo tunayajua, na wahudumu wetu wa afya wanayafundisha.

Kuhusu chumvi, wazee waliokaa hapa mbele watatushuhudia. Nyanda za Juu Kusini, na mkoa wetu wa Rukwa ukiwamo, zilikuwa miongoni mwa sehemu za nchi zilizoteswa sana na rovu. Akina mama walitembea na uvimbe shingoni, na watoto walizaliwa na akili iliyodumaa kwa sababu udongo na maji yetu hayana madini joto ya kutosha. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, na katika miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuweka madini hayo kwenye chumvi ya kula. Uvimbe ule ukapungua mbele ya macho yetu. Leo anakuja mtu na chumvi ya mawe yenye rangi nzuri, ambayo kwa kawaida haikuwekwa madini joto, anaiuza kwa bei iliyo mara kadhaa ya ile ya chumvi ya kawaida, na anamwambia mama mjamzito kwamba hiyo ndiyo ya afya. Kazi iliyofanywa kwa miongo mizima, kwa fedha za umma, inabomolewa kwa kijiko kimoja kimoja.

Mawese nayo tunayatetea. Yanatoka Kigoma na mwambao wa ziwa hili hili, na wekundu wake una vitamini A ya mwanzo ambayo mwili unaitengeneza kuwa vitamini kamili. Mboga za majani nazo zinayo, lakini mwili hauwezi kuichukua vizuri pasipo mafuta kidogo. Kwa hiyo mama anayefundishwa kuchemsha mchicha bila tone la mafuta na kumpa mtoto wa mwaka mmoja, anampa mtoto majani na kumnyima nusu ya faida yake. Kupunguza mafuta kwa mtu mzima mwenye mwili mkubwa ni ushauri mwema. Kuuhamisha ushauri huo, kama ulivyo, kwa mtoto mwenye tumbo dogo na mifupa inayokua, ni kosa, na tunaomba lisemwe kuwa kosa kwa sauti ya Serikali.

Sasa unga wa lishe. Hapa tunajua tutawaudhi wenzetu, kwa sababu wamo miongoni mwetu wanaousaga na kuuza. Tumebishana wenyewe kwa wenyewe kabla ya kuandika aya hii. Pakiti moja inachanganywa mahindi, ngano, mchele, ulezi, soya, karanga, mbegu za maboga, na wengine wanatia hata dagaa humo humo, kwa fikra kwamba vitu vikiwa vingi lishe nayo inakuwa nyingi. Wataalamu wa lishe wa Serikali wamekuwa wakikataza mchanganyiko huo, na sababu zao tunaziona kwa macho. Soya inahitaji moto wa kutosha, la sivyo inazuia mwili kuitumia protini yake. Lakini moto wa soya ni mwingi kwa ulezi. Karanga zikisagwa huvunda upesi. Karanga moja yenye ukungu inaharibu mfuko mzima, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha uji. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 Dodoma na Manyara, katika wagonjwa 68 waliotambuliwa, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani tu. Zaidi ya hayo, mtoto akipata vipele au kuharisha kwa uji wa vitu vinane, mama atajuaje ni kipi kati ya vinane kilichomdhuru? Uji wa ulezi peke yake, ukatiwa maziwa au karanga safi zilizosagwa siku hiyo hiyo, na pembeni dagaa waliosagwa wakakorogwa kwenye mboga, unamtosha mtoto. Wenzetu wanaouza pakiti hizo wamekubali kukaa na afisa lishe wafundishwe upya. Hatutaki wanyang'anywe biashara, tunataka wafundishwe.

Mheshimiwa, kwa nini tunalichukulia jambo hili kwa uzito hivi? Kwa sababu ya watoto hawa wanaopimwa leo. Mkoa wetu unalisha nchi. Mahindi ya Ufipa yanajaza maghala, maharage yake yanasafiri mbali, na ziwa linatoa samaki. Lakini utafiti wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta watoto 56 katika kila 100 wa Rukwa wamedumaa, na hakukuwa na mkoa uliotuzidi. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30 katika 100. Iringa na Njombe, mikoa mingine ya chakula, ndiyo iliyo pamoja nasi juu kabisa ya orodha hiyo. Mtoto aliyedumaa si mfupi tu. Masomo yanamlemea, na akikua nguvu ya kazi inakuwa pungufu. Chakula kinachoweza kumkinga kinapita mlangoni kwake kikiwa kwenye magunia, kinakwenda kuuzwa. Mama yupo shambani tangu alfajiri, mtoto ameachiwa uji mwepesi kwa dada yake mdogo, maji ya kunywa si salama, tumbo linaharisha mara kwa mara. Hakuna hata moja katika hayo linalotibiwa na pakiti ya mbegu za chia.

Tena tunaona aibu imeanza kujengeka. Binti aliyemaliza kidato cha nne hataki aonekane akila ugali wa ulezi na dagaa, kwa kuwa simu imemwambia ni chakula cha kimaskini. Akipata fedha ya kwanza ananunua kopo la unga wa kijani. Ndani ya kopo hilo mara nyingi ni majani ya mlonge yaliyokaushwa. Mlonge unaota kwa kipande cha tawi kilichochomekwa ardhini. Mbegu za maboga anazouziwa kwa pakiti ndogo zinatupwa nyuma ya jikoni la mama yake. Dagaa anayeliwa mzima, na mifupa yake, ana madini ya kalsiamu ya kujenga mifupa, ana protini, na ana vitamini B12 ambayo haipatikani kwenye mboga yoyote wala nafaka yoyote. Anayetaka kula mboga tu kwa imani au kwa hiari yake tunamheshimu, na tutampikia. Lakini mtoto mdogo asilazimishwe mlo huo bila mtaalamu, maana upungufu wa vitamini hiyo unaharibu damu na mishipa ya fahamu.

Nyama ya mboga nayo haikuletwa na pakiti. Huko juu, kwenye mbuga zenye maji za nyanda hizi, watu wamekuwa wakichimba viazi vya maua ya okidi, wakavitwanga, wakapika na unga wa karanga na magadi mpaka vikagandamana, kisha wakakata vipande na kula kama soseji. Wazambia wanaiita chikanda na wanaipenda mno, na kwa kupenda huko viazi hivyo vikachimbwa kwetu kwa mamilioni kupelekwa mpakani. Okidi zote zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, imebeba sehemu ya kazi ya kuzilinda. Tunaieleza habari hii kwa sababu mbili. Moja, ujuzi wa kutengeneza chakula kizuri cha mimea tulikuwa nao. Mbili, hata chakula cha asili kikishakuwa mtindo wa mjini na kuvutwa na soko bila kiasi, kinaisha. Tunaomba jambo hilo likumbukwe kila mradi mpya wa kilimo cha mbegu za mtindo unapoletwa Ufipa na wakulima kuambiwa waache ulezi na maharage. Wafipa walitengeneza matuta yao ya ntumba kwa kufukia majani ili udongo usichoke, wakapanda maharage juu yake, na maharage hayo yakarutubisha ardhi kwa ajili ya ulezi na mahindi ya msimu uliofuata. Kilimo hicho na sahani yetu vilikuwa kitu kimoja.

Hatuombi mageni. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikaa kwa vikundi wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu kwa pamoja, wakakubaliana cha kufanya wiki ile, wakaenda kulima bustani na kufuga kuku. Mwaka huo wa 1973 ndio uliozaa pia Taasisi ya Chakula na Lishe. Wataalamu wa taasisi hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walichukua kimea, unga wa nafaka iliyooteshwa ambao akina mama wa Ufipa wanautumia kwenye pombe ya ulezi, wakaonyesha kwamba kijiko chake kidogo kikitiwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo kinaulainisha bila kuongeza maji. Mtoto anakunywa uji laini wenye nguvu ya uji mzito. Gharama yake karibu hakuna. Akina mama walio hapa chini ya miaka 30 hawajawahi kuusikia ufundi huo, ila wameshasikia juu ya koliflawa. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe wa mkoa wa Iringa, ambamo watoto walipimwa kijijini na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe, nyumba kwa nyumba. Sisi tunaona kwamba Iringa kuwa juu leo katika udumavu hakuonyeshi kuwa njia ile ilikuwa mbaya. Kunaonyesha kwamba kazi ya lishe haina siku ya kumaliza.

Mheshimiwa, tunakuja kwenye madai.

La kwanza kwetu ni fedha. Kila halmashauri nchini imeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kutoka mapato yake ya ndani, na wakuu wa mikoa wametia saini mkataba wa lishe, ambao ulisainiwa upya mbele ya Rais mwaka 2022. Tunadai hesabu ya fedha hiyo kwa kata ya Kabwe ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kila robo mwaka: watoto wangapi, shilingi ngapi zimepokelewa, zimenunua nini. Hatumtuhumu mtu. Kodi ya dagaa tunailipa sisi, na tungependa kuona inarudi kwenye mwili wa mtoto gani.

Pili, watu wanaouza chakula kwa madai ya kutibu wadhibitiwe. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Tiba asili na tiba mbadala ina baraza lake kwa sheria ya mwaka 2002. Vyombo vipo. Tunadai vifike kwenye gulio na mwaloni, siyo kwenye maduka ya mjini peke yake, na kila pakiti inayotaja ugonjwa isiyo na kibali iondolewe siku hiyo hiyo. Anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali achukuliwe hatua mbele ya sheria. Tunaomba pia wahudumu wa afya wa kijiji wapewe vifaa vidogo vya kupima madini joto kwenye chumvi, na wapite majumbani.

Tatu, ni dagaa wetu. Ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, tulivumilia, kwa kuwa tuliona wenyewe jinsi samaki walivyokuwa wanapungua. Lakini miezi ile mitatu ilitufundisha kwamba hatuna akiba. Nyumba zilizokuwa na dagaa wakavu waliohifadhiwa vizuri zilikula. Nyingine zilikula ugali kwa majani. Tunadai vichanja vya kuanikia na mabanda ya kukaushia wakati wa mvua, kwa sababu dagaa anayeanikwa mchangani anapata mchanga na ukungu, na wa masika huoza tukamwaga. Tunataka kila kitongoji kiwe na ghala dogo la dagaa wa kutumika ziwa likifungwa tena, na hata zile siku za mbalamwezi ambazo taa za wavuvi hazivuti kitu. Katika hili sisi tutatoa nguvu kazi na miti. Tunaomba wavu wa vichanja, mabati na mtaalamu wa uvuvi wa kutuelekeza.

Shuleni nako tunadai chakula cha mchana chenye dagaa na maharage, si ugali na maji ya mchicha. Tumepiga hesabu zetu. Mama lishe tukipika kwa zamu, wazazi wakachangia mahindi yasiyokobolewa na kuni, na wavuvi wakatoa kisado cha dagaa kwa kila mtumbwi unapopata, kinachobaki ni mafuta, chumvi, masufuria na jengo la jiko. Hayo manne tunayaomba kwako. Na mashine za kusaga hapa zihimizwe kusaga dona. Sembe nyeupe tunayoipenda imeachwa na sehemu nzuri ya punje, na mashine ndogo za vijijini haziongezi virutubishi kama viwanda vikubwa vinavyotakiwa kufanya.

Mwisho, tunadai mafundisho. Afisa lishe apangiwe siku maalumu za kukaa huku ziwani, alale, apike nasi, aone tunachopika na kwa fedha gani. Mwongozo wa Taifa wa Ulaji uliozinduliwa mwaka 2023 uletwe ukiwa umeandikwa kwa vyakula vyetu: ugali wa muhogo, ulezi, migebuka, dagaa, kisamvu, mlenda, majani ya maboga, uyoga wa msituni, mawese, maharage ya Ufipa, ndizi, maembe. Uwe wa picha, na usomwe redioni kwa vikundi kama ilivyokuwa mwaka 1975. Kimea kifundishwe tena, na wa kukifundisha wapo: bibi zetu wapika pombe, ambao wanajua kuotesha ulezi bila kuuachia uvunde.

Tunaomba majibu ya madai haya, yakubaliwe au yakataliwe, yasomwe kwetu katika mkutano mkuu wa kijiji unaofuata, moja baada ya jingine, na anayeyasoma atueleze kila kazi itaanza lini na nani ataisimamia. Nakala ya risala tumempa mtendaji wa kijiji, na nyingine tumeibandika hapa kwenye jiko la mwaloni.

Kwa niaba ya mama lishe, waanikaji wa dagaa na wauza mboga wa Kabwe, naomba kuwasilisha.